Ruhusa ya Ijumaa, zamu ya Sabato: ubaguzi wa dini katika ofisi za serikali huku kwetu Lamu na Malindi tuuzuie vipi?

KaraniMokowe (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleikum ndugu zangu Waislamu, na salamu za amani kwa wenzetu wote.

Niko masijala ya ofisi moja ya serikali huku Lamu, na nimehudumu chini ya mabosi kadhaa. Jambo moja limenichosha: haki ya mtu kuabudu inabadilika kila bosi anapohamishwa. Akija huyu, Ijumaa tunatoka saa sita u nusu na hakuna neno. Akija yule, anayetoka anaandikiwa barua ya kujieleza. Akija wa tatu, Waislamu wanaachiwa alasiri nzima, na Mkristo anayeomba kubadilishiwa zamu ya Jumapili anajibiwa "hapa ni Lamu". Kila mmoja wao anaamini anatenda sawa, kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa.

Nataka tuzungumze kuhusu kuzuia, kabla jambo halijafika mahakamani na kabla halijawatenga watu wanaokaa meza moja. Matusi ya waziwazi ni nadra ofisini. Kinachowaumiza watu ni ratiba ya zamu, tarehe ya mafunzo, maswali ya jopo la mahojiano, na ile orodha ya mchango inayozungushwa na mkubwa mwenyewe.

Katiba ya 2010 haikuacha pengo hapa. Ibara ya 8 inasema Kenya haina dini ya taifa. Ibara ya 27 inakataza serikali kumbagua mtu kwa dini, dhamiri, imani, na hata mavazi. Ibara ya 32 inakwenda mbali zaidi: kushika siku ya ibada kumetajwa humo waziwazi, na mtu hawezi kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake. Kwa hiyo bosi hatoi haki hii kama zawadi. Kazi yake ni kuipangia nafasi ili huduma isikwame.

Chukueni hesabu ya Ijumaa. Mapumziko ya serikali ni saa saba hadi saa nane mchana. Adhuhuri huku pwani inaingia karibu na saa sita u nusu, na khutba haikawii baada ya hapo. Mtu akingoja saa saba igonge ndipo atoke, atakuta wenzake wanatoa salamu ya kumaliza swala. Ukiyaanza mapumziko ya siku hiyo nusu saa mapema na kuyamaliza nusu saa mapema, mwajiri hajapoteza dakika hata moja. Jambo jepesi namna hiyo limejaza faili za watu barua za onyo.

Na niseme wazi tangu mwanzo: huku Amu, yaani Lamu, sisi Waislamu ndio wengi. Tukiidai haki hii kwa sababu ya wingi wetu, kesho tukihamishiwa Kapenguria huko bara, ambako sisi ni wachache, tutaidai kwa hoja gani?

Naomba michango ya walio ndani ya kazi. Msitaje ofisi wala watu.

---

NesiWaZamu

Kaka Karani, nashukuru umeandika hilo la mwisho. Mimi ni Mkristo, kwetu ni bara, na nilipangiwa kituo cha afya huku visiwani. Watu wa hapa wamenipokea vizuri, wagonjwa wananiita mwanangu. Sina kinyongo na mji.

Lakini ratiba ya zamu imenitoa machozi. Jumapili zote nilipangwa mimi, kwa hoja kwamba "wengine wana familia zao hapa". Nilipouliza, mkuu wa zamu akashangaa kabisa, akaniambia wewe si unaweza kusali jioni. Hakuwa na nia mbaya. Kwake Jumapili ni siku kama siku nyingine, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwangu si hivyo.

Ramadhani ni hivyo hivyo. Sihitaji mtu anipikie, na sipendi kula mbele ya mtu aliyefunga, ni adabu tu. Nilichohitaji ni chumba chenye mlango. Siku nyingi nimekula nimesimama kwenye stoo ya dawa, na hilo hata kwa usafi wa dawa halifai.

Na niwasemee dada zangu Waislamu pia, kwa sababu nimeyaona upande huo. Mwenzangu mmoja alipelekwa chumba cha upasuaji akaambiwa avue mtandio au arudi wodini. Kisa kilikuwa usafi. Usafi ni hoja ya kweli: nguo ya kutoka nyumbani haiingii mle, na mikono lazima iwe wazi mpaka kwenye kiwiko wakati wa kunawa. Lakini kofia za upasuaji zinazofunika nywele, masikio na shingo zipo, na zinafuliwa pamoja na nguo nyingine za chumba hicho. Mtu mmoja alihitaji kuagiza kofia hizo, basi. Badala yake dada wa watu alipoteza nafasi ya kujifunza kazi aliyoitamani.

---

WakiliMalindi

Nawasalimu. Mimi ni wakili hapa Malindi, kesi za kazi ndizo nyingi mezani kwangu. Niongeze upande wa sheria, maana watumishi wengi wanaijua Katiba kwa juu juu lakini hawaijui Sheria ya Ajira ya 2007.

Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, au hata mtu anayeomba kazi tu, kwa sababu ya dini. Kinagusa kuajiri, mafunzo, kupandishwa cheo, masharti ya kazi na kuachishwa. Kinakataza pia kumsumbua mtu kwa dini yake. Kifungu cha 46 kinasema dini haiwezi kuwa sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Halafu kuna jambo ambalo mabosi wengi hushtuka wakiambiwa: mfanyakazi akishaweka ukweli wake mezani, mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea unamwangukia mwajiri. Bosi asiye na maandishi ya kueleza kwa nini alimnyima mtu ruhusa anaingia mahakamani mikono mitupu.

Kenya pia iliridhia mwaka 2001 Mkataba nambari 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaohusu ubaguzi katika ajira.

Sasa shikeni hili: sheria inataja ubaguzi wa moja kwa moja na ule usio wa moja kwa moja. Wa kwanza ni kumwambia mtu "hatuchukui Waislamu". Wa pili ni kanuni inayosomeka sawa kwa watu wote, lakini uzito wake unamwelemea mtu wa imani fulani. "Mafunzo yote ni Jumamosi." "Picha ya kitambulisho cha kazi ni kichwa wazi." Hakuna dini iliyotajwa, lakini kila mtu anajua nani ataumia. Hayo ya dada Nesi kuhusu Jumapili yamo humo.

Mwanya upo kwa sharti linalotokana na kazi yenyewe. Mikono wazi wakati wa kunawa kwa upasuaji ni sharti la kazi. Kichwa wazi, wakati kofia ya kufunika ipo, ni mazoea ya mtu.

Mahakama zetu zimegusa mambo haya zaidi upande wa shule. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwakubalia Waadventista wa Sabato kwamba wanafunzi wao hawafai kulazimishwa masomo ya Jumamosi. Kuhusu hijabu, mahakama hiyo hiyo mwaka 2016 ilikubaliana na upande wa wasichana wa shule moja ya Isiolo, kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya namna dai lilivyoingizwa mahakamani. Mtu asikwambie kwamba Mahakama ya Juu ilipiga marufuku hijabu. Haikufanya hivyo.

---

MvuviKizingitini

Nimesoma yote. Mimi si mtumishi wa serikali, ni mwananchi ninayehudumiwa, na hapa naona mwananchi amesahaulika.

Kutoka kwetu kuja Amu lazima tungoje maji. Mlango wa Mkanda haupitiki maji yakiwa makavu, kwa hiyo saa ya kufika hatuichagui sisi, bahari ndiyo inayotuchagulia. Nilifika Ijumaa adhuhuri kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Dirisha limefungwa. Sawa, nami ni Mwislamu, nikenda kuswali. Tukatoka msikitini, nikarudi, nikakaa kwenye baraza. Saa nane hakuna mtu. Saa tisa hakuna mtu. Boti likaondoka bila mimi, nikalala mjini kwa gharama yangu.

Haki ya karani kuswali siikatai hata kidogo. Lakini swala haikuchukua saa mbili na nusu. Mtu anayeitumia Ijumaa kukimbia kazi anaichafua Ijumaa yenyewe, na anawapa wasiotupenda sababu ya kutunyima.

---

KaraniMokowe

Mzee wangu wa Kizingitini, maneno yako ni ya haki na nayapokea. Yanaonyesha kwa nini jambo hili liandikwe. Ruhusa isiyoandikwa haina saa ya kwisha. Ikiandikwa, saa ya kutoka na saa ya kurudi zote zipo, na aliyechelewa bila sababu anaulizwa kama mchelewaji yeyote. Dini haimo hapo.

Na dirisha lisifungwe hata siku moja. Ofisi yenye mchanganyiko ina bahati: Mkristo anashika dirisha Ijumaa, Mwislamu anashika Jumapili, Krismasi na Pasaka pale penye zamu. Lakini ipangwe kwenye ratiba ya mwezi, isiwe ya kuombana kila wiki. Mtu akiombwa fadhila mara nyingi anachoka, na siku akikataa anaonekana adui wa dini ya mwenzake.

Ofisi ambayo wote ni Waislamu ina kazi zaidi. Wengi hukimbilia kusema wanawake Ijumaa si faradhi kwao, basi wabaki. Ni kweli si faradhi. Lakini usimgeuze mwanamke kuwa mlinzi wa dirisha kila Ijumaa ya maisha yake bila kumuuliza. Naye ana chakula cha mchana, na wengine wanapenda kwenda. Muulize, na akibaki apewe mapumziko yake kamili baadaye.

Jambo jingine la kalenda. Idd-ul-Fitr hutegemea mwezi kuandama, kwa hiyo tarehe haijulikani hakika mpaka usiku wake. Anayepanga zamu aache siku mbili wazi, asipange kikao kikubwa juu yake. Tena wengi hawajui kwamba Sheria ya Sikukuu za Umma inaitaja Idd-ul-Adh-ha kuwa siku ya mapumziko kwa Waislamu, na Diwali kwa Wahindu, hata mwaka ambao haikutangazwa kwa wote. Mhasibu wa Kihindu akiomba siku hiyo hajaomba upendeleo.

---

Msabaha_Sabato

Habari za jioni wapendwa. Nimesoma hapo juu kuhusu Jumamosi nikajiona mwenyewe.

Sabato yangu inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama. Kazi yangu ni ya Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo mtu angefikiri sina tatizo. Tatizo ni mafunzo. Idara yetu ilizoea kuyaweka mwisho wa wiki ili kazi isisimame. Kila mara naandika kuomba niingizwe kwenye kundi la siku za kazi, kila mara nakaa bila jibu. Sikuwahi kukataliwa kwa maneno. Barua inaingia masijala, inatulia huko.

Nilipokwenda kuomba kupandishwa cheo, jopo liliangalia vyeti vya mafunzo. Sina. Wenzangu wanavyo. Kwenye karatasi kila kitu ni halali: aliye na vyeti alipanda, asiye navyo alibaki. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uamuzi wa kunibakisha ulifanywa zamani, siku tarehe zilipopangwa.

Ombi langu kwa wakubwa wanaosoma hapa: jibuni barua. Hata kama jibu ni hapana, liandikeni na sababu yake. Mtu akijua sababu anaweza kupendekeza njia nyingine. Ukimya unamfunga pande zote.

---

WakiliMalindi

Ndugu Msabato, ulichoeleza ndicho kigumu kukithibitisha na ndicho kinachotokea zaidi. Shika nakala za barua zako zote zenye muhuri wa kupokelewa. Barua iliyokaa bila jibu ni ushahidi, haijapotea bure. Ila uangalie muda: dai la ajira lina miaka 3 tu tangu jambo lilipotokea.

---

KanisaDogoMalindi

Nimesita sana kuandika. Niko ofisi ya serikali upande wa Malindi, na ninasali kanisa dogo, la mabati, lisilo na jina kubwa. Tumekuwa hapo miaka mingi. Watoto wetu wanakwenda shule, wagonjwa wetu wanakwenda hospitali.

Baada ya Aprili 2023, ukweli wa Shakahola ulipofukuliwa, wa wafuasi wa mhubiri mmoja waliofunga mpaka kufa, mimi nililia kama kila mtu wa Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilitolewa kwenye msitu ule. Ni msiba wetu, watu wengine ni jamaa zetu. Lakini ofisini nilianza kuitwa "mtu wa Shakahola". Nikikataa chai kwa sababu sina hamu, mtu anauliza kama nimeanza kufunga mpaka kufa. Wanacheka. Mimi sicheki, na waliopoteza watu mle hawacheki.

Kisha nikaitwa mahojiano ya nafasi ya juu zaidi. Mjumbe mmoja wa jopo akaniuliza: "Wewe unasali wapi?" Nikataja kanisa langu. Chumba kikanyamaza, wakaangaliana. Sikupata nafasi. Labda aliyepata alinizidi, sitaki kumdhulumu. Lakini swali lile lilikuwa na kazi gani mle ndani?

---

WakiliMalindi

Pole sana, na ahsante kwa kulileta hapa. Swali lile halikuwa na kazi yoyote. Nafasi hiyo haikuhitaji mtu wa kanisa fulani, na jopo likishauliza haliwezi tena kujitakasa na jibu lililosikia.

Kinga yake si ngumu. Maswali ya mahojiano yaandikwe kabla, yawe yale yale kwa kila mwombaji, yatokane na majukumu ya nafasi. Kila mjumbe aandike alama zake kabla hawajaanza kujadiliana. Mwenyekiti awe na amri ya kumkatiza mjumbe anayeuliza dini, kabila au ndoa, na jambo hilo liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Na wanajopo wenyewe wasitoke kundi moja wote, maana watu wa kundi moja hawasikii swali la namna hiyo likikwaruza.

Huo utani wa chai nao usiitwe utani. Sheria ya Ajira inakataza usumbufu kwa sababu ya dini, na msimamizi anayesikia akanyamaza anashiriki. Neno la kwanza linapotoka ndipo pa kulikatisha, tena faraghani, kwa heshima: "Hapa kazini hatuitani hivyo." Likirudiwa, liandikwe.

---

MwanaWaKaya

Mmezungumza Ijumaa, Jumapili na Jumamosi. Na sisi tusio na siku?

Mimi ni Mgiriama, nashika njia ya wazee wangu. Sijabatizwa wala sijasilimu. Kazini nimewahi kupewa kitabu kitakatifu niape, nikaulizwa "kipi sasa, hiki au kile?" kana kwamba hakuna cha tatu. Nimekuja kujua baadaye kwamba sheria ya viapo inaruhusu mtu kuthibitisha kwa dhati bila kitabu chochote, na uzito wake ni ule ule. Ofisa aliyekuwa ananiapisha hakulijua hilo.

Halafu sala za kufungua kikao. Sina ubaya nazo, Katiba yenyewe inaanza kwa kumtambua Mungu Mwenyezi. Lakini sala inapoendelea dakika kumi, inataja jina la nabii au mwokozi wa upande mmoja, na mimi nimesimama na macho wazi, kila mtu ananitazama. Huko vijijini mtu wa mila akizeeka huitwa mchawi, na wazee wetu Kilifi wameuawa kwa neno hilo. Kwa hiyo kutazamwa vile mimi silichukulii kuwa jambo dogo.

---

MstaafuWaLangoni

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mimi nimestaafu, nilikuwa msimamizi wa watu miaka mingi, bara na pwani.

Hili la sala ofisini kwangu tulilipatia ndia. Kikao kilianza kwa dakika ya kimya, kila mtu akaomba kwa Mola wake au akatulia. Hakuna aliyelalamika, si shekhe si mchungaji, na kikao kilianza kwa wakati. Anayetaka sala ya sauti na wenzake, wafanye kabla ya saa ya kazi, na asiyehudhuria asiulizwe.

Lililonisumbua zaidi ni michango. Mkubwa anapitisha orodha: ujenzi wa kanisa lao, au Maulidi yetu ya huku Amu ambayo nayapenda kwa moyo wangu wote. Jina lako lipo, na mbele yake nafasi ya kuandika kiasi. Karani wa chini atakataaje? Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya 2003, iliyotumika wakati wangu, ilikataza kabisa kuifanya ofisi mahali pa kukusanya harambee, na ilikataza kutumia cheo kumshinikiza mtu atoe. Nilipoikuta orodha kama hiyo mezani, ya dini yoyote, niliirudisha kwa mwenyewe. Wa kwanza kunikasirikia walikuwa wa dini yangu. Nikawaambia: sadaka ya mtu aliyeogopa bosi ina thawabu gani?

Karani amesema kweli kuhusu mabosi wanaopita. Nami nilikuwa bosi mwema kwa watu wangu, hayo wanasema wao. Nilipoondoka, yote niliyowapa yaliondoka nami siku ile ile, kwa kuwa yalikuwa kichwani mwangu. Ushauri wangu yeo ni mmoja: waraka wenye nambari, uliotiwa sahihi, uliobandikwa ukutani. Bosi mpya akitaka kuubadilisha lazima aandike mwingine na aeleze.

---

KaraniMokowe

Mzee wetu, shikamoo na ahsante. Nimekaa na maneno yenu nikaandika rasimu, niipeleke kwa afisa wetu wa rasilimali watu. Naomba muikosoe bila huruma:

*"Mtumishi yeyote anayehitaji nafasi ya ibada au siku ya imani yake ataandika ombi, na atajibiwa kwa maandishi ndani ya siku saba. Ombi likikataliwa, sababu ielezwe, na iwe inahusu huduma yenyewe. Ratiba ya mwezi itapangwa kwa kuzingatia maombi hayo ili dirisha la huduma lisifungwe, na saa ya kutoka na kurudi iandikwe. Mafunzo yatakuwa na angalau awamu moja ndani ya siku za kazi. Dini ya mtu haitaulizwa kwenye mahojiano wala kwenye tathmini ya kazi. Hakuna mchango wa kidini utakaokusanywa ofisini. Vikao vitaanza kwa dakika ya kimya. Mavazi ya imani yanaruhusiwa isipokuwa pale kazi yenyewe inapohitaji vingine, na hapo ofisi itatafuta kwanza vazi mbadala linalofaa. Chumba kimoja kitatengwa kwa chakula mwaka mzima, Ramadhani ikiwemo."*

---

WakiliMalindi

Nzuri, lakini ina tundu moja kubwa: mlalamikaji anakwenda wapi ikiwa anayembagua ni bosi mwenyewe? Ongeza kwamba malalamiko yanaweza kupokelewa na maofisa wawili waliotajwa, wa dini tofauti, na mmoja asiwe chini ya mkuu wa ofisi. Ongeza pia kwamba aliyelalamika hatahamishwa wala kunyimwa zamu kwa kulalamika. Huku kwetu adhabu ya kulalamika mara nyingi huja kwa sura ya uhamisho, na Ibara ya 236 ya Katiba inamlinda mtumishi wa umma asionewe kwa kutekeleza kazi yake wala kufutwa bila utaratibu wa sheria.

Nje ya ofisi milango ipo. Mtumishi wa kaunti asiporidhika na uamuzi wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa inapokea malalamiko ya ubaguzi, na barua iliyokaa bila jibu kama ile ya ndugu Msabato unaweza kuipeleka kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inasikiza kesi hapa Malindi pia, huna haja ya kupanda basi kwenda Nairobi.

---

MvuviKizingitini

Na waraka ubandikwe mahali sisi wananchi tunauona, saa za dirisha ziwe zimeandikwa kwa Kiswahili. Nikijua Ijumaa dirisha lina mtu muda wote, nitakuwa shahidi wenu wa kwanza.

---

NesiWaZamu

Nimenakili rasimu yote. Swali moja kabla sijaipeleka kwa mkuu wa kituo: sisi tuna zamu za usiku, na wauguzi ni wachache. Tukiwa wawili tu na sote tunaomba siku ileile, mathalani mkesha wa mwaka mpya, nani anapewa?

---

MstaafuWaLangoni

Binti yangu, hapo hakuna wa haki zaidi ya mwingine. Andikeni kwamba aliyepata mwaka huu anashika zamu mwaka ujao, na daftari la zamu lihifadhiwe asije mtu akasahau. Wakibaki wawili wapya, wapigiwe kura ya bahati mbele ya wote.

---

KaraniMokowe

Nimeyaingiza yote matatu: maofisa wawili wa malalamiko, waraka kubandikwa dirishani, na daftari la kupokezana. Naupeleka Jumatatu, na nitaomba nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.